Mama Hakati Kitambaa kwa Vipimo vya Simu

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Paa la jikoni linavuja, na cherehani ya Mama imepata mkanda mpya. Ila nina hasira nawe, na leo sitaimeza.

Majibu ya kipimo cha vinasaba vya uvimbe wa tumbo la Mama yalikuja kwako kwa kuwa wewe ndiye msomi wetu. Ukawapigia shangazi na wajomba ukawaambia vinasaba fulani vimeamka kupita kiasi, na wagonjwa wa aina hiyo wengi hawafiki mbali. Mwenye tumbo hukumwambia! Sasa shangazi anakuja kulia jikoni kwetu, na jirani amechukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, eti Mama apumzike. Mnamzika huku anapiga cherehani?

Jana Mama akaniuliza, "Kwani mimi nimekufa lini?"

Nikamweleza yote. Akauliza daktari wake anasemaje. Nikamwambia daktari anasema kipimo kinaonyesha wengi walivyokwenda, si yeye atakavyokwenda, na dawa zinaanza Jumatatu.

"Basi Jumatatu twende," akasema, akatunga uzi kwenye sindano.

Ndipo nikampa vile vipimo vya suruali yako ulivyonitumia kwa simu. Hata hakuvitazama.

"Mwambie sijawahi kukata nguo ya mtu aliye mbali. Mwenye mwili aje nimpime."

Kitambaa chako kiko mezani, Kaka, na mkasi anao mkononi.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwachia kuwafungulia mlango wanaokuja kulia.