Wiki Mbili za Majaribio Nilizozifuta

Mpendwa dada Halima,

Tangu uhamie Malindi hupokei simu zangu, na sikulaumu. Naiandika wazi barua hii, aisome yeyote, kwa sababu kunyamaza kwangu ndiko kulikokuondoa nyumbani kwetu Komarock.

Unakumbuka tulivyokaa sebuleni kwa mama, kompyuta mbili juu ya meza ya kulia, tukitengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa zahanati siku zao za kliniki. Mimi niliandika, wewe ulijaribu. Ulibonyeza ovyo makusudi, kama mtu aliyechoka au asiyeona vizuri, kisha ukanionyesha palipoharibika. Mwenye zahanati alipozidi kuongeza hiki na kile, ulinisihi nimtajie gharama ya kila nyongeza kabla sijaitikia. Niliona haya. Nikaitikia yote, bajeti ikaisha kabla ya kazi.

Ndipo nikafuta wiki mbili za majaribio tulizokuwa tumezipanga kabla programu haijaanza kutumika. Ulipopinga, nilikujibu kwamba wewe si mhandisi.

Ukaenda zahanati kusajili wagonjwa. Mmoja wao alikuwa Mzee Karanja, jirani yetu aliyestaafu kazi ya kiwandani, mwenye kisukari na kidonda mguuni. Ulimwambia asihangaike na tarehe, simu itamkumbusha. Baadaye aliomba siku yake isogezwe, ukambadilishia. Ujumbe haukuja. Aliendelea kungoja, wiki zikapita, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa.

Ulirudi nyumbani ukaketi chini pale mlangoni, buibui hujavua.

"Nadhani sikubonyeza kuhifadhi," ulisema. "Ni mimi."

Nami asubuhi hiyo nilikuwa nimeshaikagua programu. Kila aliyebadilishiwa tarehe, ilikuwa inamruka. Jaribio la siku moja lingeonyesha. Nilikutazama ukilia, nikanyamaza.

Jumamosi iliyopita nilimwendea Mzee, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya kigutu. Hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu: "Dada yako anajua?"

Nilitikisa kichwa. Akaniambia niondoke, nisirudi mpaka uwe umejua.

Sasa umejua. Ulihifadhi, dada, nimeona kwenye kumbukumbu za programu jina lako na saa uliyofanya hivyo. Sikuombi urudi, wala unisamehe.

Wasalimie watoto. Ukitaka kuwaambia alichofanya mjomba wao, waambie.

Ni mimi,
mdogo wako.