Jibu Nililompa Mzee Kanisani

Kaka Lyle,

Huku Oklahoma ngano imevunwa, na mbwa wako bado mzima. Mama anagombea ubunge wa jimbo. Bila shaka umesikia.

Jumapili, baada ya ibada, mzee mmoja alimuuliza mbele ya watu, "Una watoto wangapi, mama?"

Mama akafungua kinywa. Niliogopa atakutaja wewe na yule mwanamume uliyeoana naye, kura zipotee, nikadakia, "Ni mimi tu."

Mzee akacheka. "Basi huyu mmoja ametosha."

Garini Mama alisema, "Nani alikutuma, Janelle? Nilikuwa natafuta namna ya kumtaja mwanangu."

Tangu siku hiyo hasemi nami. Nimekukana, kaka, wala hakuna aliyenilazimisha. Mama akikupigia, tafadhali pokea.

Dada yako mwenye aibu,
Janelle