Tangazo la Kiingereza Mlangoni

Dada mpenzi,

Hujambo? Mimi nipo, cherehani inakwenda. Juzi bosi alibandika tangazo la Kiingereza mlangoni mwa kiwanda: "We will expand." Washonaji wenzangu wakaniuliza maana yake, kwa kuwa mimi ndiye msomi wao. Nikawajibu bila kupepesa macho, "Tunafukuzwa." Wakabeba mikasi yao, wakatoka.

Bosi akawakimbilia. "Mnakwenda wapi? Nimesema kiwanda kinapanuka!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha mama wa pasi akaitazama aproni yangu, akasema, "Msomi, mbona nawe unapanuka?"

Wote wakacheka tena. Mimi nikalia.

Ni mwezi wa tano, dada. Baba mtoto hapokei simu. Mwambie mama, lakini kwanza mkalishe kitini.

Ni mimi mdogo wako.