Baba, Malkia wa Shimba Nimemwondoa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Masika mawili yamepita juu ya kaburi lako na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ulikuwa ukisema barua ni za watu wanaoogopa kuonana uso kwa uso. Basi leo mimi ni mmoja wao. Kuna jambo nimelifanya linalogusa jina lako, na ni afadhali ulisikie kutoka kwangu kabla Mzee Bakari hajakufuata huko akalieleza kwa namna yake. Unamjua rafiki yako, hasemi kitu bila kukitia nazi.

Kamati ya kijiji ya kupokea wageni imesimamisha bao kubwa la maelezo pale juu, njia ya kuteremkia maporomoko inapoanzia. Waliligawa sehemu tatu: Vivutio, Historia, na Watu Mashuhuri. Kazi ya kuandika wakanipa mimi kwa sababu, kwa maneno yao, nina cheti.

Vivutio nilivimaliza asubuhi moja. Nikaandika habari za palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, ambaye ukikutana naye ulikuwa ukimwamkia shikamoo mbele ya wageni na uso umeukaza. Nikaandika tembo, na maporomoko yenyewe, na pale ukingoni ambapo ulikuwa ukiwaonyesha wageni pwani yote ya Diani na Galu kwa kidole kimoja na kuwaambia, "Mmelala kule chini kwenye joto, na feni Mungu ameiweka huku." Historia nayo haikunisumbua. Nikazitaja kaya, vile vijiji vya kale vya msituni, na wazee wake, msikiti wa kale wa Diani, na mapango ya Shimoni ambamo watu walifungiwa kabla ya kuuzwa. Nilipofika kwenye Watu Mashuhuri nikakwama. Kamati ilikuwa imeniandikia orodha ya kufuata, na jina la kwanza lilikuwa la Malkia.

Malkia wako, baba.

Siku uliyomtunga nilikuwepo. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza katika kazi yako ya kuongoza wageni, nimetoka chuoni Mombasa na viatu vipya ulivyovicheka mpaka ukakohoa. Tulikuwa na wageni sita wa hoteli ya Galu. Kuteremka kulikuwa raha. Kupanda ndiko kulikomshinda yule mama mnene mwenye kofia ya manjano, akakaa chini katikati ya njia na kumwambia mumewe kwamba yeye atafia hapo hapo. Askari wa wanyama alikuwa akiangalia jua, sisi wengine tunaangaliana. Ukamwendea polepole, ukamwonyesha lile jiwe la kwenye kona, lenye vidato viwili, cha chini kama benchi na cha juu kinachofika begani, chenye kishimo kilicholainika.

Ukamwambia kwa Kiingereza chako cha hotelini, "Mama, malkia alikuwa akipumzika hapa. Akikaa kidogo kisha akainuka, kilima kinakuwa kifupi."

Akauliza ni malkia yupi. Hukupepesa jicho. "Malkia wa vilima hivi. Mwanamke mfupi, mweusi sana. Mguu wa kushoto ulikuwa ukimsumbua. Lakini kilima hiki alikipanda kila siku, na hakuna aliyemsikia akilalamika."

Yule mama akakaa kwenye kidato cha chini, akafuta uso, akacheka, akainuka. Akapanda mpaka juu bila kusimama tena.

Nami hapo hapo, mbele ya wote, tena kwa Kiingereza ili waelewe, nikasema, "Baba, Wadigo hawakuwa na malkia. Walikuwa na wazee wa kaya." Ukatabasamu ukawaambia wageni kwamba mwanao amesoma na wewe umepanda tu. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Jioni tukila, nikakuuliza kama umekasirika.

"Yule mama alipanda au hakupanda?"

"Alipanda, baba."

"Basi nisogezee chumvi."

Tangu siku hiyo, tukiwa pamoja, ulikuwa ukilipita lile jiwe bila kusema neno. Malkia ulimsimulia ukiwa na waongozaji wengine tu. Mimi nikaona nimekunyoosha. Nakwambia ukweli, nilijisifu kwa wenzangu wa chuoni kwamba nimemfundisha baba yangu kazi.

Lakini Malkia hakukaa pale ulipomweka. Madereva waliokuwa wakisubiri juu walimsikia kwa wageni, na kabla ya magharibi alikuwa ameshafika Galu. Baada ya miezi michache akapata jina, ambalo silitaji hapa kwa kuheshimu kaburi. Salimu, yule kijana wa Ukunda mwenye maneno mengi, akamwoza waume watatu. Mwingine akampiganisha na Wareno na akashinda. Hoteli moja ikamweka kwenye kijitabu chake, amevikwa taji kama la kwenye karata. Kisha wakaja wanafunzi kutoka Kinango, na mwalimu wao akawakalisha karibu na jiwe wakanakili habari zake kwenye madaftari. Siku hiyo ulirudi nyumbani ukijikuna kichwa, ukasema, "Hili jambo limekuwa kubwa." Hukukanusha, na mimi sikukuuliza kitu.

Sasa baba, fikiria niko kwenye mkutano wa kamati na kalamu mkononi, nawaambia siwezi kumwandika Malkia kwa sababu hakuwahi kuwepo. Kelele zilizozuka unaweza kuzisikia huko uliko. Vijana wakasema nawakatia riziki, wageni wanapanda kwa ajili yake. Mzee Bakari akangoja wanyamaze, akavua kofia yake na kuiweka kwenye goti.

"Mwanangu, malkia hajamdhuru mtu. Ukimfuta, watu watauliza alitungwa na nani. Utamtaja baba yako? Mwenyewe hayupo, nani atamsemea?"

Neno hilo lilinichoma. Watu wa huku wanakukumbuka kwa kuvijua vilima vya Shimba. Ulijua mti wa dawa ya tumbo na njia tembo wanayoifuata wakati wa kiangazi, na hayo yalikuwa kweli tupu. Nikisema Malkia ulimzua, nani ataamini mengine? Na nikimwandika, nitakuwa nimeweka mkono wangu kwenye uongo, na watoto wataunakili kutoka bao la chuma. Nikaomba wiki moja.

Nikaenda Msambweni kwa shangazi Mwanasha, dada yako mkubwa. Kusema kweli nilikwenda kutafuta ruhusa. Nilitaka aniambie nimwache Malkia wa watu, nirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilimkuta uani amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigoda. Habari za Kwale?"

Nikamsomea kile kijitabu cha hoteli kuanzia juu hadi chini, na Wareno na waume na taji. Alicheka mpaka akalazimika kuweka kifuu chini. Kisha akauliza, "Na baba'ako mwenyewe alimsema vipi, kabla hawa hawajamvika mataji?"

Nikamwambia nilivyokumbuka. Mfupi, mweusi sana, mguu wa kushoto unamsumbua, halalamiki.

Shangazi akaacha kucheka. "Huyo ni mama yetu," akasema.

Nikadhani sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama anayeeleza njia ya kwenda dukani. Wakati huo mlikuwa mkiishi chini ya kilima, kabla mipaka ya hifadhi haijakazwa. Babu amekufa, bibi Mwanamkasi ana watoto na hana shamba. Akawa anaokota kuni kavu bondeni, anazipandisha kichwani hadi Kwale na kuziuza kwenye mikahawa ya chai. Mguu ulichomwa na kisiki na haukupona sawasawa.

"Mzigo wa kuni ukiutua chini ukiwa peke yako, huinuki nao tena," akasema. "Lazima apatikane wa kukutwika. Sasa lile jiwe lilikuwa na kimo cha mtu. Unaliegemea, unausukuma mzigo unalala juu, unapumua. Ukishapoa unaingiza kichwa chini yake na kata yako ya nguo, unaondoka nao. Wanawake wote wa kule bondeni walikuwa wakilijua. Kile kishimo ni kuni zimelisugua."

"Na baba?"

"Baba'ako alikuwa mgongoni. Kitinda mimba. Mama akishautua mzigo alikuwa akifungua kanga, anamkalisha kwenye kile kidato cha chini, naye anakaa karibu yake. Amekulia juu ya jiwe lile."

Nikamwuliza kwa nini basi hukusema hivyo. Akarudi kwenye nazi yake, akakuna kidogo, ndipo akanijibu. "Aseme nini mbele ya wageni, kwamba mama yake alikuwa akiuza kuni? Shuleni walikuwa wakimwita mtoto wa kuni, akirudi nyumbani analia. Mtu mzima alipopata watu wa kumsikiliza, akampa mama yake cheo."

Nililia pale uani, baba, na shangazi akaniacha nilie. Kisha akanipa tui nikoroge.

Niliporudi kwenye kamati nilisimama na kusema bila kuzunguka. Malkia ametungwa na baba yangu, nilikuwepo, nilimsikia. Kisha nikawaeleza bibi alikuwa nani na jiwe lile lilikuwa la kazi gani. Salimu ndiye aliyefungua mdomo kwanza, "Na wale waume watatu niwapeleke wapi?" Wakacheka, nami nikashukuru kwa kicheko kile.

Mzee Bakari hakucheka. Aliivua tena kofia yake, akaiweka kwenye goti. Halafu akasema, "Hata mama yangu mimi alikuwa akitua pale. Sijawahi kumwambia mgeni." Mwingine nyuma akasema bibi yake pia, na mwingine shangazi yake. Wakaanza kusahihishana majina na kubishana nani alikuwa binti wa nani, na mwenyekiti akashindwa kufunga mkutano. Tulipotoka nilikuwa na majina kumi na moja kwenye karatasi, na yule aliyekuwa akipiga kelele zaidi kuhusu riziki yake ndiye aliyeniletea mawili kati ya hayo.

Kwa hiyo bao limesimama, na chini ya Watu Mashuhuri wa vilima hivi wa kwanza ni bibi Mwanamkasi, mchukuzi wa kuni, na wenzake kumi wanamfuata. Kamati ililazimisha mheshimiwa mmoja aingizwe, nami nikamweka mwisho kabisa, kwa herufi zile zile. Wageni wachache wamemuulizia Malkia. Salimu sasa ameweka mzigo wa kuni pale kwenye jiwe, uliofungwa kwa kamba ya majani ya mwaa kama zamani, na anawaambia wajaribu kuuingilia kichwa na kuondoka nao. Wanaume wenye vifua vipana wanashindwa, wanacheka, kisha wanauliza mwanamke mmoja aliwezaje na mtoto mgongoni. Hapo ndipo wanaposikiliza kweli.

Jina lako nimelitaja kwa mdomo na nitaendelea kulitaja. Hakuna aliyekuita mwongo, usiwe na wasiwasi. Mzee Bakari anasema ulimheshimu mama yako kuliko sisi sote, ila ulikosea njia tu. Hata mimi nakubaliana naye, jambo ambalo unajua si kawaida yetu.

Lakini kuna kitu kimoja sikukipata popote. Nilimwuliza shangazi bibi alikuwa akikwambia nini alipokukalisha pale, maana mtoto mchanga hakai tu bila kuambiwa neno. Hajui. Yeye alikuwa akitangulia mbele na kimzigo chake kidogo, na kwenye jiwe mlikuwa mkibaki wawili, wewe na mama yako. Huenda hukukumbuka chochote. Lakini huenda alikuja kukusimulia neno hilo ulipokua, na ulikuwa nalo moyoni siku ile ukimwambia yule mama wa kofia ya manjano kwamba kilima kitakuwa kifupi. Ningengoja tufike nyumbani, nikakuuliza, "Baba, yule mwanamke mwenye mguu mbovu ni nani?", ungeniambia. Nakujua, ungeniambia yote mpaka chai ipoe. Badala yake nilikwambia si kweli, mbele za watu, na miaka yote iliyobaki ulipita pale na mimi ukiwa kimya.

Nisamehe, baba. Majina kumi na moja nimeyaandika, na neno alilokuwa akikwambia mama yako umeenda nalo kwa sababu yangu.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema pamoja naye.

Mimi binti yako, hapa
Kwale.