Misalaba ya Mwisho wa Uwanja

Kuicuar,
Jumanne, 26 Machi

Dada yangu mpendwa Nastasia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta umeshakunywa chai na watoto wamekwenda shule. Je, kifua cha yule mdogo bado kinambana? Mpake mafuta ya sili wa baharini hata akilalamikia harufu, mama alitupaka na tulilalamika vilevile. Sisi huku hatujambo. Mto bado umeganda, Nikolai anatoboa barafu kila asubuhi na jana alirudi na samaki tisa. Mwanangu anaendelea vizuri, ananyonya kama anafukuzwa. Shangazi Fevronia anasema masikio yake yametokeza kama ya shemeji Evon, na kwamba akipigwa na upepo ataruka bila ndege.

Glavu ulizomshonea zilifika Ijumaa pamoja na barua yako. Nimeyagusa manyoya yake kwa shavu, nikalia. Umeandika kwamba huyu ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa kijijini baada ya kifo cha Evon wako, siku kumi na moja tu, kwa hiyo jina la marehemu la kwetu, Iraluq, ni lake, na haidhuru kwamba ni msichana. Umeniuliza mbona wiki ya saba inakwisha bado sijamdondoshea maji mdomoni na kumwita hivyo. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, umeuliza kwa nini Evon aligeuza ndege aje kwetu wakati huko mjini hewa ilikuwa safi na wewe umemwekea supu jikoni. Maswali yako mawili yana jibu moja, dada. Naomba unisome mpaka mwisho.

Kwanza nikueleze mkutano, maana wewe ulikuwa bado hujiwezi na hukuja. Mchunguzi wa ajali alifika, mzee mwembamba mwenye viatu vya mjini. Kabla hajasema neno shangazi Fevronia alimkalisha, akamvua viatu vile, akamvisha vya marehemu mumewe, akamwambia sasa anaweza kuuliza. Tulikuwa tumejaa ukumbini. Akatueleza kwamba ndege ndogo wakati wa baridi mara nyingi haiangushwi na kitu kimoja. Alisema sakitu nyembamba tu ya barafu, kama sukari iliyonyunyizwa juu ya bawa, inatosha kulifanya bawa lishindwe kubeba. Barafu inaweza kuziba koo la injini. Mzigo ukizidi nyuma, mkia unazama. Tena kuna ule weupe tunaoujua wote, mbingu na ardhi zinapokuwa karatasi moja na rubani hajui kama anapanda au anashuka. Akasema mabaki mengi yamefunikwa na theluji, ripoti itachukua mwaka au zaidi, na huenda mwisho wake ikasema tu, yawezekana.

Halafu akauliza nani alikuwa uwanjani asubuhi ile.

Babu Zakar ndiye aliyesimama kwanza. Akasema kazi ya kufagia mabawa ni yake miaka yote, na siku ile kiwiko kilimuuma, bawa la kushoto alilifagia vizuri, la kulia alifagia mpaka pale mkono ulipokomea. Shangazi Fevronia akamwambia akae chini, mkono wake haujawahi kufika popote tangu ujana. Watu wakacheka, na babu akakaa huku analia. Kumbe shangazi alitaka zamu yake. Akasema yeye alipopima gunia la samaki wakavu la mwanawe aliliacha upande mmoja lilalie theluji, mizani ikasoma ratili arobaini, lakini mgongo wake uliolibeba ulijua ni sabini. Alisema, “Andika jina langu lote, baba, usilifupishe.”

Kisha Nikolai wangu akasimama, na mimi nilikuwa sijui. Alisema baada ya mizigo yote kupimwa alisukuma paja zima la kulungu nyuma kabisa, karibu na mkia. Lilikuwa lako, dada. Evon alimwona, akamwuliza, “Bwana mdogo, hii ni ndege yangu au ni friji ya mke wangu?” Wakacheka wote wawili na paja likabaki. Wakasimama na wengine, hata mama mmoja aliyekuwa amemchelewesha kwa maneno mlangoni mwa ndege akasema labda ni yeye. Mchunguzi aliandika yote. Mwishowe akaweka kalamu, akasema kazi hii ameifanya miaka mingi, hajawahi kuona kijiji kizima kinagombea kosa.

Ndipo akanigeukia mimi, kwa kuwa redio ya kampuni ya ndege inakaa nyumbani kwangu na kazi ya kuwaambia marubani hali ya hewa ni yangu. Akaniuliza kwa upole, pengine kwa sababu ya kichanga nilichokuwa nacho, kama Evon aliita na kama tuliongea habari za hewa. Nikasema aliita kunijulisha tu kwamba anarudi. Akaandika. Mimi nilikuwa natazama vile viatu vya marehemu miguuni mwake.

Dada, nilisema uongo. Sasa nakuambia ilivyokuwa.

Evon aliondoka kwetu saa nne kwenda kijiji cha juu kumchukua bibi aliyekuwa akipumua kwa shida, amlete hospitali huko kwenu. Mimi nilikuwa nimempokea uwanjani kwa tumbo langu lile, Nikolai akinishika mkono, na hewa ilikuwa safi, misalaba ya makaburini mwisho wa uwanja niliiona yote, hata ule mdogo wa mtoto wa Zakar. Unajua tunavyopima sisi: ukiiona misalaba, ndege inashuka, usipoiona, haishuki. Na sheria ya kazi yangu ni moja tu, niliambiwa siku ya kwanza. Toka nje, tazama, ndipo useme.

Alipoita nilikuwa nimekaa karibu na jiko. Miguu ilikuwa imevimba. Ngazi za nje zilikuwa na barafu, Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimeteleza hapo nikaangukia ubavu, na mhudumu wa zahanati alinikataza kushuka bila kushikwa mkono. Nikolai alikuwa mtoni. Dirisha lilikuwa limeganda, huoni kitu. Evon akasema, “Shemeji, huku juu ni maziwa matupu, nimeshindwa kushuka. Mafuta ninayo ya kunifikisha mjini, lakini bibi wa watu anahangaika. Nikipata pa kungojea hapo kwenu, baada ya saa moja nitajaribu tena kumfuata. Misalaba inaonekana?”

Sikuinuka. Nilikuwa nimeiona muda si mrefu, nikadhani bado ipo mahali pake. Nikamjibu, “Inaonekana yote, shemeji. Njoo, nakupashia samaki moto.”

Akacheka, akasema, “Basi usinilie mkia.”

Niliweka sufuria. Baadaye nikasikia injini inapita juu, chini sana, halafu inapita tena. Nikafungua mlango. Hapakuwa na misalaba, dada. Hapakuwa na uwanja. Pikipiki ya theluji iliyoegeshwa penye ngazi sikuiona. Nikaikimbilia redio nikamwambia apande, apande aende mjini. Sijui kama alinisikia. Sauti ya injini ikakatika.

Hiyo ndiyo sababu hakuja kwako. Ukisikia watu huko mjini wanasema Evon alikuwa na haraka, waambie hapana. Aliuliza kama rubani anavyotakiwa kuuliza, akamwamini aliyemjibu. Labda ni sakitu ya bawa la kulia, labda ni samaki, labda ni paja la kulungu, mimi sina elimu ya kujua. Nimejaribu kuzigawa hizo sababu kwa watu wote nijibakizie ndogo, nikashindwa. Wenzangu walisimama na ufagio wao na ratili zao. Mimi nilikaa tena, kama nilivyokaa siku ile.

Ndiyo maana sijamdondoshea maji. Akipata jina lile atakuwa Iraluq wako. Utakuja umpakate, utamwita “mume wangu” mbele za watu, utamtafunia samaki kama alivyopenda. Siwezi kukuwekea Iraluq mapajani huku nimekuficha jinsi alivyoondoka. Na lililo gumu zaidi ni kwamba sikuinuka kwa ajili yake huyu mtoto, niliogopa kuanguka naye. Namtazama akilala, nampenda, nakosa hata pa kuweka mikono.

Glavu nimezitundika juu ya jiko, hazijavaliwa. Ukisema asiitwe, nitazirudisha na sitanung'unika, nawe utaendelea kuwa dada yangu hata usiponiandikia. Ukisema aitwe, nitachota maji siku hiyohiyo. Sikufichi kwamba natumaini. Akisikia injini hewani huacha kunyonya, akatulia na kusikiliza, kisha anarudia ziwa. Natumaini tu, siombi.

Humu kwenye mfuko wa posta mna barua mbili, hii yako na nyingine ya mchunguzi, nimemwandikia haya haya. Nikolai amezisoma zote. Alikwenda kuzipasua barafu zote za kwenye ngazi kwa shoka, akamwaga majivu.

Nisalimie wanao, uwaambie mama yao mdogo anawakumbuka. Msalimie jirani yako aliyekuwa akikupikia siku zile. Shangazi Fevronia anakusalimu, na babu Zakar, na wote walioko hapa.

Ni mimi mdogo wako,
Anuska

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Ndege imeita sasa hivi inauliza hewa. Nimemwambia rubani asubiri. Nimemvalisha mtoto, nimemweka mgongoni ndani ya koti, nimeshuka ngazi mpaka uwanjani. Misalaba nimeiona kwa macho yangu, mmoja mmoja, wa Evon ndio mpya. Ndipo nikamjibu aje. Barua hii anaileta yeye.