Kiti cha Salim

Changamwe, Jumatatu, Machi 1961

Leo tena! Mteja kanitaka nimwinulie kiti cha baiskeli kama waendesha mashindano: kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini, mguu unyooke. Nikamwambia, "Kiwe chini, ndugu yangu, nyayo zifike ardhini." Akacheka. "Fundi, mimi si mtoto."

Maneno hayo hayo aliyasema marehemu mdogo wangu Salim, na spana niliishika mimi. Lori liliposimama ghafla mbele yake kule Miritini, alifunga breki, mguu ukatafuta ardhi usiipate, akaangukia upande wa magari.

Mama husema ni kudura ya Mungu. Sijamwambia habari ya kiti.

Huyu wa leo nilimkatalia, wallahi. Akaiazima spana yangu, akakiinua mwenyewe.

Nami, kwa mazoea, nikamkazia nati.