Nilivyomfungia Bwana Harusi Lango la Msikiti

Ijumaa, Ukunda. Jua kali, nyumba nzima yanukia pilau na udi, na mbavu zangu bado zinauma kwa kucheka. Acha niandike kabla usingizi haujanishinda.

Leo ameolewa Mishi, mdogo wangu wa mwisho. Tangu alfajiri alikuwa analia. Si kile kilio cha desturi, cha kulia huku unajitazama kwenye kioo. Alikuwa na hofu hasa, na alikataa kupambwa mpaka somo wake afike. Somo ndiye aliyemfunda, na siku kama hii ndiye hukaa naye. Sasa Bi Mwanajuma anakaa Msambweni, na magoti yake hayamruhusu kupanda na kushuka magari ya watu. Nani ana gari? Mimi, na kigari changu cha buluu.

Kumleta haikuwa kazi. Kazi ilikuwa pa kuliweka gari.

Kichochoro chetu, jirani na Kona ya Musa, kilikuwa kimezibwa na turubai la harusi yetu wenyewe. Barabarani nako, kila penye upenyo pana tuktuk. Nikazunguka mpaka nikaona mtu anatoa gari lake mbele ya duka la dawa. Bi Mwanajuma akaniambia nishushe kioo, hatuwezi kumpita mtu bila salamu. Yeye na mwenye gari wakaulizana hali, watoto, shamba, na mvua. Walipofika kwenye mvua, tuktuk ilikuwa imeshaingia pale.

Nikatia gia nikaendelea kuzunguka.

Mishi alikuwa ananipigia simu juu ya simu. Alasiri inakaribia, na nikaha ni baada ya swala. Ndipo nikaiona nafasi pana, safi, kando ya msikiti, mbele ya madera yaliyotundikwa na muuzaji. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini nafasi kama ile iko wazi siku ya Ijumaa. Mimi nilisema alhamdulillahi, nikaegesha, nikalipia ada ya kaunti kwa simu kama raia mwema, nikamshika bibi mkono tukajikokota hadi nyumbani.

Mishi alimwangukia mapajani. Bi Mwanajuma akamfuta uso na leso yake, akaagiza chetezo cha udi kiletwe, na wapambaji wakaanza kazi. Nikajiona shujaa.

Halafu kipaza sauti cha msikiti kikakohoa.

"Mwenye gari dogo la buluu kwenye lango la nyuma, tafadhali aje aliondoe. Bwana harusi yuko nje."

Kisha ikasomwa nambari ya gari, herufi kwa herufi, taratibu, asije akaikosa mtu. Chumba kizima kikanigeukia.

Nilivaa buibui la sijui nani nikakimbia. Kumbe nyuma ya yale madera kuna lango, lile ambalo hufunguliwa kwa harusi na mazishi tu, na limeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba pasiegeshwe gari. Mbele yake kigari changu, na nyuma ya kigari changu basi dogo la wageni wetu wa Mkwiro, kwao bwana harusi. Shemeji yangu alikuwa kiti cha mbele na joho lake, jasho linamtiririka, macho chini. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikafungua mdomo kuomba radhi, lakini ami yake alishanitangulia. Alishuka akitabasamu, mkono mfukoni.

"Mwanangu, desturi twaijua. Lakini mlango wa bi harusi hufungwa nyumbani. Nyinyi wa Ukunda mwaanzia msikitini?"

Kwetu, bwana harusi akija kwa mkewe huukuta mlango umezuiwa na wanawake wa upande wa bi harusi, na haingii mpaka atoe chochote. Mzee wa watu alidhani nimeegesha makusudi.

Ningesema kweli. Badala yake nilikunja uso, nikanyoosha mkono.

Basi zima likacheka, hata bwana harusi. Nikatiwa noti kiganjani, nikaondoa gari, na lango lilipofunguliwa nikaoneshwa ua mpana wa msikiti, mtupu, umeachwa kwa ajili ya magari ya harusi. Ningeuliza tu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Mishi anacheka mpaka wanja umemshuka mashavuni, na Bi Mwanajuma anampaka upya huku naye mabega yanamtikisika. Mumewe alipokuja baada ya nikaha kumpa mkono, kama ilivyo desturi, alimkuta mke mwenye uso mkunjufu. Nimefurahi, wallahi. Nimefurahi na nimelia kidogo jikoni.

Maana kesho wanampeleka kwao, Mkwiro, kisiwani, ambako hakuna barabara ya gari. Nyumba tuliyokulia sisi wawili nitaamka ndani yake bila yeye. Nikimkumbuka nitaendesha mpaka Shimoni, na kutoka hapo ni mashua.

Hivi huko Shimoni, watu huegesha wapi?